Sinia la Glicheria

Wanaosema Glicheria Bârzu alikufa bila mtu, waje waniambie usoni. Nakaa nyumba ya tatu kutoka kanisani, lango la kijani, na mbwa wangu hana meno, kwa hiyo hawana cha kuogopa isipokuwa mimi.

Ni kweli hakuzaa. Mume alimpata, Toader, fundi seremala, lakini kabla mwaka wa ndoa haujaisha alikwenda msituni kukata miti na mti ukamwangukia. Glicheria akawa mjane katika umri ambao wenzake walikuwa bado wanajipamba kwenda dansini. Alipoambiwa aolewe tena, alijibu kwamba wa kumlilia amekwishampata, wa pili wa nini. Akabaki na nyumba ya chumba kimoja na jiko, kondoo wachache, na sufuria moja kubwa lililokatika mkono mmoja.

Kwetu Valea Sorbului hakuna marehemu anayeombewa bila koliva. Ngano inaoshwa, inachemshwa mpaka ilainike, inachanganywa na sukari na njugu, inatandazwa kwenye sinia, inafunikwa kwa biskuti zilizosagwa, na juu kabisa unachorwa msalaba wa kakao. Padri anapofika kwenye wimbo wa "Akumbukwe milele," sinia linainuliwa na kuyumbishwa taratibu, juu na chini, kama mtoto anayebembelezwa. Walio karibu wanashika sinia lenyewe. Aliye nyuma anaweka mkono begani kwa aliye mbele yake, na wa nyuma yake vivyo hivyo, mpaka kanisa zima linayumba pamoja. Ukishika bega, umeshika sinia. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na sikuwahi kusikia mtu akiuliza kwa nini.

Kila nyumba hupika ya watu wake. Glicheria alikuwa akipika ya wasio na watu. Alimpikia fundi vyuma aliyekufa akipita tu, ambaye hakuna aliyejua hata kwao ni wapi. Aliwapikia wanajeshi wawili waliozikwa karibu na daraja wakati wa vita. Alimpikia Pricop, mpiga kengele wetu, ambaye alipovunjika mkono wa kulia alipiga kengele kwa mkono wa kushoto, na Jumapili hiyo tukacheka kwa sababu ililia kama imelewa. Pricop alipofariki hakuacha mtu ila mbuzi. Glicheria alimchemshia ngano miaka yote iliyobaki, na akamchukua mbuzi pia, ingawa alikuwa mbuzi mshenzi wa kula nguo.

Mimi mwenyewe sikuwa mtu wa dini. Nilikuwa nikienda kanisani kwa sababu mama mkwe wangu alikwenda, na alipofariki yeye nikaendelea ili nione nani kavaa nini. Kisha nikafiwa na mume wangu, nasi hatukuwa na mtoto, na nikasema basi, mimi na Mungu tumemalizana. Glicheria akaja jikoni kwangu na lile sufuria lake la mkono mmoja. Hakunipa pole wala hakunitajia mbinguni. Alinipa mwiko.

"Koroga," akasema.

"Sitaki."

"Nani kakuuliza kama unataka? Koroga, ngano itashika chini."

Nikakoroga. Nikakoroga nikilia, nikakoroga nikimtukana, yeye akivunja njugu mezani na kunitazama mara mojamoja kuona kama mwiko unafika ukingoni mwa sufuria. Ngano ilipoiva nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hasira yenyewe ilikuwa imekaa chini. Tangu siku hiyo nimekuwa nikienda kanisani kwa ajili ya Mungu, na kama mtu anataka kujua aliyenirudisha ni nani, hakuwa padri yeyote.

Zamani za Chama cha Kikomunisti Glicheria alikuwa hivyohivyo. Baada ya mavuno aliingia shamba la ushirika kuokota masuke yaliyoachwa, jambo lililokatazwa, na wakamwita kwenye mkutano. Mwenyekiti akasimama mbele ya kijiji kizima.

"Mwenzetu Glicheria ameonekana akiokota ngano ya umma. Ya nini, mwenzetu? Ya kulisha wafu?"

Glicheria akainuka, akakung'uta sketi yake. "Ndiyo, mwenzangu mwenyekiti. Na wafu wanakula kidogo kuliko kamati."

Watu walicheka ndani ya kofia zao. Alipelekwa zizini kuzoa samadi kipindi chote cha baridi. Alisema ng'ombe ni watu wazuri, hawaitishi mikutano.

Na kipindi hichohicho cha baridi ndipo lilipotokea jambo la dirisha. Mwalimu mkuu wa shule yetu alikuwa Octav Tofan, kijana bado, mwanachama, mwenye suti moja na baiskeli. Mama yake, bibi Raveca, akafariki. Mwalimu mkuu kuonekana kanisani ilikuwa ni kufukuzwa kazi, basi siku ya mazishi Octav hakuingia. Alikuja nyuma ya kanisa, akaipindua baiskeli yake magurudumu juu, akajifanya anatengeneza mnyororo. Theluji ilikuwa ya magotini. Sijui alidhani anamdanganya nani.

Nilikuwa msichana mdogo, nimeshika bega la mama yangu. Nilimwona Glicheria akiangalia nje kupitia kidirisha kilicho karibu na mahali pa waimbaji. Alifungua kidirisha, akavuta kitambaa kirefu cha kitani kilichokuwa kimezungushwa kwenye picha ya mtakatifu, akatupa ncha moja nje.

"Shika, Octav."

"Siwezi. Wataniona."

"Watamwona mtu aliyeshika kitambaa. Imetoka sheria ya vitambaa? Shika, mpumbavu wewe, mama yako anaondoka!"

Yeye mwenyewe alishika ncha ya pili kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akashika sinia. Wimbo ulipoanza nilikiona kitambaa kikikazika pale dirishani, kikipanda na kushuka pamoja nasi. Hata wale waliokuwa wakipeleka maneno kwa wakubwa hawakulipeleka hilo, na sisi tuliwajua wote.

Baada ya hapo lilikuwa dirisha la Glicheria. Kila asiyeweza kuingia alipitia pale: askari polisi aliyefiwa na baba, mzazi ambaye siku zake za kukaa nje ya kanisa zilikuwa hazijaisha, mgonjwa wa kifua. Kisha Chama kikaanguka, na kila mtu akawa huru kuingia atakako. Mwalimu Octav peke yake aliendelea kusimama nje na kushika kitambaa. Alipoulizwa alisema, "Mlango ule nilimwacha mama aupite peke yake. Sitaupita leo kwa kuwa hakuna anayenizuia." Alizeeka hivyo, amesimama kwenye majani ya upupu nyuma ya kanisa, kofia mkononi.

Mwaka juzi tukaletewa Padri Ciprian. Simnyimi haki yake. Ni kijana mchapakazi, paa lilikuwa linavuja na sasa halivuji, wagonjwa anawatembelea, na aliwaosha watakatifu wa ukutani masizi yote mpaka tukagundua kwamba mmoja wao ana ndevu nyekundu. Akaweka na madirisha mapya, vioo viwiliviwili, yasiyofunguka, ili unyevu usiharibu michoro. Halafu Jumapili moja akatangaza kwamba msongamano wa watu nyuma ya sinia unakwaruza kuta, na kwamba jambo hilo la kushikana mabega haliko katika kitabu chochote cha ibada. Kuanzia sasa sinia litashikwa na padri pamoja na jamaa wa damu, wengine wabaki mahali pao na kusali.

Tulinung'unika mpaka langoni, tukafika nyumbani tukanyamaza. Kila mtu alikuwa na jamaa wake wa damu. Mimi sikuwa nao, lakini mimi nilikuwa sijafa.

Glicheria wakati huo miguu ilikuwa imekwisha kumkataa. Nilipomweleza, nilidhani atarusha kikombe.

"Mwache," akasema. "Ana kanisa jipya, anaogopa tutalichafua. Mpya ni mpya." Kisha akanitazama. "Lakini sinia langu mimi, Anghelina, litashikwa na nani?"

"Na mimi."

"Wewe si damu."

"Nitajikata kidole."

Akacheka mpaka akakohoa, nami nikamshika mgongo. Alipopata pumzi alisema, "Na usiniwekee pipi za rangi juu. Mimi si keki ya harusi." Alifariki wiki ambayo miplamu ilichanua, mchana, nikiwa nimetoka kidogo kuwapa kondoo maji.

Siku ya mazishi padri akasema, "Jamaa wa marehemu wasogee." Hakuna aliyesogea. Nikapiga hatua, yeye akainua kiganja polepole, bila ubaya wowote. "Mama Anghelina, tulikubaliana." Nilitaka kumuuliza alikubaliana na nani, lakini jeneza lilikuwa wazi mbele yangu na sikuweza kupayuka mbele ya uso ule. Basi sinia la mwanamke aliyeyashika masinia ya wote likashikwa na padri upande mmoja na mwimbishaji upande wa pili, mwimbishaji ambaye ni wa kijiji cha jirani na alikuwa akimwita Glafira. Kanisa limejaa, mikono yetu imening'inia. Na dirishani, nje ya vile vioo viwili, alikuwa amesimama Mwalimu Octav, kile kitambaa cha dirishani kimezungushwa shingoni, kiganja kimebandikwa kwenye kioo.

Nilirudi nyumbani nikavunja sahani mbili. Hazikuwa nzuri, lakini nilizivunja kwa makusudi.

Ilibaki siku ya arobaini, siku ambayo kwetu tunasema roho inaonyeshwa mahali pake. Nikamwendea padri uani kwake, alikuwa akipogoa mawaridi.

"Baba, arobaini ya Glicheria nataka watu washike sinia kama zamani."

"Mama, nikimfungulia mmoja, kesho atakuja mwingine."

"Na aje. Kwani watu wakishikana mabega kanisani kunaharibika nini?"

"Siyo kuharibika. Ibada ina utaratibu wake. Na marehemu hatakuwa peke yake, mimi nitamshikia. Mimi ni baba wa wote."

"Baba wa wote, umekuja mwaka juzi."

Akaacha mkasi wake. Aliumia, niliona, na sikujuta. "Nasikia mnapanga kulivamia sinia," akasema. "Jirani yako Casandra ameongea mtaa mzima. Basi nakwambia mapema. Mkilivamia nitafunga kitabu. Sitaimba. Na huyo mama atakosa ibada yake siku anayoihitaji kuliko zote, na itakuwa kwa ukaidi wenu."

Hapo alinipata. Mimi ningeweza kukosana na padri, na baba askofu, na yeyote. Lakini kama ni Glicheria atakayelipia, nitakuwa nimemtetea au nimemponza? Nilitoka bila kuaga. Na nitasema wazi kilichokuwa moyoni, maana sioni haya: sikuwa namlilia yeye peke yake. Nilijiona mimi ndani ya sanduku, na mwimbishaji wa kijiji cha jirani akikosea jina langu.

Nikapita kwa Mwalimu Octav. Alikuwa ameketi kizingitini, fimbo katikati ya magoti.

"Mwalimu, wewe unaheshimika. Ukiingia wewe, hatafunga kitabu."

"Mimi siingii, Anghelina. Unajua."

"Najua. Dirisha nalo halifunguki. Kwa hiyo?"

Alikitoa kitambaa shingoni, kile kile, kimepauka, pindo limefumuka. "Kipeleke wewe. Kiweke chini ya sinia. Kitaniwakilisha."

"Hicho kitambaa hakina miguu, wewe unayo! Mwanamke alikuita mpumbavu mbele ya mama yako kwa sababu alikupenda, na wewe umeketi hapa unatuma tambara? Kilete mwenyewe."

"Usinipigie kelele, nilikufundisha kusoma."

"Na ulifundisha vizuri, Mwalimu. Kaa basi na kioo chako."

Mkesha wa arobaini Casandra alikuja asubuhi kunisaidia kupika. Casandra ni jirani yangu, mdomo wake haujawahi kufungwa tangu abatizwe. Tulitumia sufuria lile lile la mkono mmoja.

"Kwa hiyo tunafanyaje?" akaniuliza.

"Tunapika."

"Nauliza kesho, shoga. Tunashika au hatushiki?"

"Wewe si ndiye uliyetangaza mtaa mzima?"

"Nilimwambia dada yangu tu."

"Dada yako ana redio tumboni."

Akakoroga kwa hasira. Baadaye, nilipokuwa nikichora msalaba wa kakao, nilimkuta akichomeka pipi za rangi pembeni.

"Toa hizo. Alisema hataki."

"Ni chache tu. Sinia limekaa uchi."

"Casandra!"

Alizitoa, akazila mwenyewe moja baada ya nyingine. Kisha akasema taratibu, jambo ambalo si kawaida yake, "Mume wangu alipofariki mimi nilikuwa hospitalini mjini, nimepasuliwa. Glicheria ndiye aliyepika, ndiye aliyeshika. Niliporudi aliniambia, 'Sinia lilikwenda vizuri, halikutikisika.' Sijawahi kumlipa kitu." Nikampa lile sufuria la mkono mmoja alisugue.

Siku yenyewe kanisa lilijaa mpaka barazani. Walikuja hata waliohamia mjini. Barazani alisimama binti wa Casandra na kichanga chake mikononi, siku zake za uzazi hazijaisha, haruhusiwi bado kuingia. Sinia liliwekwa mezani katikati, mshumaa umechomekwa katikati ya msalaba. Nilitazama dirishani. Hapakuwa na mtu. Nikajisemea, basi, hata kiganja hatukipati leo, na wewe ndiye uliyemfukuza.

Padri aliimba vizuri, siwezi kusema uongo. Alilitaja jina la Glicheria kwa ukamilifu, akafukiza ubani, akafika mahali penyewe. Akainua uso.

"Jamaa wa marehemu wasogee."

Casandra alinisukuma kwa kiwiko. Miguu yangu ilikataa. Nilikuwa nikiyaona macho ya padri na kitabu kile kimefunguliwa mkononi mwake, na nilikuwa nikimwona Glicheria amesimama mbele ya Mungu mikono mitupu, kwa ajili ya kiherehere changu. Padri akamgeukia mwimbishaji, akampa ishara alishike sinia.

Ndipo tuliposikia fimbo barazani. Watu walio mlangoni wakapisha. Mwalimu Octav alisimama mbele ya kizingiti, suti imepigwa pasi, kitambaa mkononi. Alikiangalia kile kizingiti kwa muda mrefu, mpaka mtoto mmoja akauliza kwa sauti huyo babu anangoja nini, akafinywa.

"Mimi hapa," akasema Mwalimu.

"Mwalimu," padri akasema, kwa heshima, "nimewaita jamaa. Wewe ni nani wake?"

"Siku nilipomzika mama yangu sikuwa na mkono. Nilitumia wa huyu. Tafuta wewe jina la undugu huo, Padri, nami nitaliitikia."

Akavuka. Mguu mmoja, fimbo, mguu wa pili. Mzee aliyesimama nje ya mlango ule maisha yake yote alipita katikati yetu bila kutazama pembeni, akafika mezani, akaweka mkono kwenye ukingo wa sinia. Pete yake ikawa inagonga bati, ti, ti, ti.

"Mimi ni dada yake," akasema Casandra, na tayari alikuwa anatembea.

"Mama Casandra, wewe na Bârzu hamna hata—"

"Yeye ndiye mkubwa! Mimi ni dada mdogo. Endelea kuhesabu."

"Mimi mpwa," akasema yule aliyekuwa askari polisi zamani, mtu mzito mwenye shingo fupi, na watu wakacheka kwa sababu hakuna kiumbe ambaye angefanana na Glicheria kidogo kuliko yeye.

"Mimi mjukuu!" "Mimi mkwe!" Ilitoka kila upande. Nami miguu yangu ikafunguka. Sikusema mimi ni nani. Nilipita, nikaweka mkono begani kwa Mwalimu Octav, na padri akiwa anaangalia.

Padri Ciprian akafunga kitabu.

Alikifunga kweli, kama alivyoahidi, na kikatoa sauti ndogo iliyosikika mpaka barazani. Akasimama kati ya meza na madhabahu, uso mwekundu, midomo imekazwa. Nilihisi bega la Mwalimu likilegea chini ya kiganja changu, na nikafikiri, tumemponza. Tumekuja na ubishi wetu wote na tumemponza.

Ndipo Casandra alipoanza. Sauti yake ni mbaya, tangu tukiwa shule walikuwa wakimwambia asogeze midomo tu. "Akumbukwe milele," akaimba, chini mno, halafu juu mno. Yule polisi akamdaka. Kisha wanawake wa upande wa kushoto, kisha wanaume. Wimbo wenyewe una maneno mawili, hauhitaji kitabu. Tumeuimba kwa mama zetu na baba zetu, tumeuimba kwa Pricop na kwa wanajeshi wa darajani, na aliyekuwa akituanzishia kutoka pembeni, miaka yote hiyo, alikuwa Glicheria. Tukaimba kwa hasira. Sijui kama inaruhusiwa kumwombea mtu kwa hasira, lakini sikuwa na kitu kingine siku hiyo, na naamini kilimfikia.

Sinia likainuka. Lakini ukingo wa upande wa madhabahu ulikuwa bado hauna mkono, kwa kuwa padri alikuwa amesimama hapo hapo, na sinia likainama kuelekea kwake, mshumaa ukalala.

"Baba," akasema Casandra katikati ya wimbo, bila kugeuza kichwa, "shika au sogea."

Sijui kilipita nini moyoni mwake. Sikumuuliza siku ile na sitamuuliza kamwe. Alikitazama kitabu, akaliangalia sinia linavyoinama, akaweka kitabu mezani na kushika kwa mikono miwili. Sinia likakaa sawa. Naye akaingia kwenye wimbo pale pale tulipofika, kwa ile sauti yake nzuri, na kanisa likayumba. Mwimbishaji naye alikuwa akiimba, na jina la marehemu alilitaja katikati ya wimbo, sawasawa. Kuta zikakwaruzwa, nina hakika, na yule mtakatifu mwenye ndevu nyekundu akapakwa jasho la watu.

Mwalimu Octav alikuwa analia bila kujificha. Mkono wa kulia ulikuwa kwenye sinia. Mkono wa kushoto ulikuwa unarudisha nyuma kile kitambaa, na watu wakakipokea, wakakipitisha mkono kwa mkono juu ya vichwa, mpaka ncha yake ikatoka mlangoni. Binti wa Casandra akaishika pale barazani, na kichanga kimelala begani mwake. Nilikiona kitambaa kikikazika, kikipanda na kushuka.

Mimi nilikuwa nimeshika bega la mzee na kutazama mbele. Ndipo nikahisi mkono ukitua begani kwangu, mzito, wa moto, wenye vidole vinavyonata sukari. Mimi sina mume, sina mtoto, sina ndugu aliyebaki. Sikugeuka kuangalia ni wa nani.